Nyota Tano za Kubandika

Kwenye basi dogo kutoka Rubona, Rayhana, muuza viyoyozi, alikuwa kiti cha mbele yangu akimlilia mama asiyemjua aliyeketi naye. “Mama, mi naogopa! Ile klimatizeri ya kuleta baridi niliuzia hoteli ya Nengo iko na nyota mbili tu za umeme. Nikabandika karatasi ya nyota tano, ati inakula umeme kidogo. Bon, leo mupimaji wa umeme anakuja kule.”

“Kamwambie ukweli kabla hajaiwasha,” alisema yule mama, kwa Kiswahili cha Tanzania.

“Anifungishe? We hauna watoto?”

“Ninao. Na mwenye hoteli anao.”

Woga hufungua mdomo kuliko pombe, nikawaza. Mkoba wa yule mama ulikuwa wazi kidogo. Ndani niliona mashine ya kupimia umeme. Rayhana hakuiona. Basi liliposimama Nengo walishuka wote wawili, na Rayhana, kwa adabu, akampokea mkoba.