Maiti wa Mwaka wa Kwanza

Mjini Kisii, mwaka wa sitini na nane, ukitaka habari ambayo serikali yenyewe haijaipata, ulikuwa unakwenda kwenye benchi la Rajabu. Rajabu alikuwa Mnubi, muuza kahawa, na kwa heshima yake Wakisii waliokaa hapo walizungumza Kiswahili, kila mtu kwa uwezo wake. Benchi lenyewe lilikuwa ubao juu ya mawe mawili, nje ya duka la fundi cherehani. Wenye benchi walikuwa watatu. Kulikuwa na Bama, askari mzee aliyepigana Burma, ambayo yeye aliitamka Bama, na ambaye kwa mdomo hajarudi mpaka leo. Kulikuwa na Karani, aliyewahi kuandika kesi katika baraza la chifu, basi akajiona anajua sheria za dunia nzima. Na kulikuwa na Nehemiah, waliyemwita Sabato kwa sababu dini yake haikumruhusu kahawa wala chai. Alikuja na chupa yake ya maziwa moto, akakaa na wanywaji kutwa nzima akiwasikitikia.

Siku hiyo walikuwa na mgeni wanayemjua, Josiah Angwenyi, mkulima wa chai kutoka Gesima. Binti yake Kemuma alikuwa amepata nafasi ya kusomea udaktari Chekoslovakia. Kilichobaki ni sahihi ya baba, na ilitakiwa leo kabla ofisi ya elimu haijafungwa, maana kesho karatasi zinakwenda Nairobi. Josiah alikuwa ameondoka nyumbani alfajiri kuja kutia sahihi hiyo. Alifika mpaka mlangoni, akageuka. Sasa jua limeshapinda, kahawa imempoa mkononi, na roho yake haina raha hata kidogo.

— Mwalimu mmoja ameniambia kitu, alisema. Ati mwaka wa kwanza wanafunzi wanapewa maiti. Wanampasua.

— Wanampasua aje? Sabato akashtuka.

— Kwa kisu. Kidogo kidogo, mwaka mzima.

— Nyasae wangu, Mungu wangu! Na Sabato ikifika?

— Sijui.

— Hapo ndiyo uulize, bwana! Hao watu hawana Sabato. Jumamosi msichana wa watu ameshika kisu badala ya Biblia. Mimi nakwambia, maiti anawekwa ndani ya pipa ya chumvi kama samaki, na hawezi kungojea Jumapili.

Karani akakohoa. Karani akikohoa, watu walijua sheria inakuja.

— Mnasema vitu hamjui. Sheria iko wazi. Kila mwanafunzi anapewa maiti wake, kwa jina. Anamtilia sahihi, na akimharibu, analipa.

— Atamharibu namna gani na ameshakufa? Rajabu akauliza, akimimina kahawa.

— Wewe mimina. Tena wiki ya kwanza wanalala chumba kimoja, wazoeane.

Josiah aliwaza mila za kwao. Kwa akina Angwenyi maiti hakuwa kitu cha kushikwashikwa na msichana. Aliyemgusa marehemu alikuwa mzee, na baada ya hapo wazee wenzake walijua la kumfanyia kumtakasa, ndipo akae tena na watoto. Chekoslovakia nani angelijua hilo? Kemuma angelala peke yake na mikono ile ile, angekula nayo, na siku moja angerudi Gesima na kuwashika nayo wadogo zake. Alimpenda mtoto huyu kuliko alivyoweza kumwambia mtu, na ndiyo maana aliogopa.

— Chumba kimoja? Bama akacheka. Huyu hapana jua kitu. Mimi naambia nyinyi. Kule baridi hapana mchezo. Mtu natembea kwa barabara, naganda, nasimama hapo hapo. Asubuhi lori ya serikali napita, nakusanya, napeleka kwa shule ya dokta.

— Wewe ulikuwa Burma, Sabato akasema. Burma kuna barafu wapi?

— Afisa yangu alinieleza! Ingine hapana kufa kabisa. Jua ikitoka, nafungua macho, naomba chai.

— Katikati ya kupasuliwa?

— Katikati!

Walicheka mpaka fundi akasimamisha cherehani. Josiah hakucheka. Alikuwa anamwona Kemuma na kisu, na mtu mezani anafungua macho. Alijua ni upuuzi, na bado alimwona.

— Mimi nitamwambia aombe kazi ya ualimu, alisema. Hata ualimu ni mzuri.

Hapo ndipo alipotokea Orpah, mke wake, amejifunga leso kiunoni, miguu imejaa tope la njiani. Alikuwa ameshuka na basi la mchana baada ya kuona mume harudi, akaenda ofisini, akaambiwa hakuna Angwenyi aliyeingia. Aliwasalimu wote kwa adabu. Karani akainuka kumpa nafasi, naye akakaa.

— Tata Kemuma, akamwambia mumewe, umetia sahihi?

— Bado.

— Mtoto tangu asubuhi hajakula. Kuna nini?

— Watampa maiti, Orpah. Ampasue.

Wanaume wakangoja mama apige yowe. Orpah alifikiri kwanza. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, na alikitafuta polepole.

— Hiyo maiti, watu yake iko wapi?

— Watu wake? Karani akauliza.

— Mama yake. Dada yake. Ile watu ya kulia. Wanaacha yeye kwa meza aje?

Wanaume walikuwa wamemtia maiti yule katika pipa, chumbani na kwenye lori, na hakuna aliyekumbuka kwamba ana mama.

Bama ndiye aliyesema mwishowe, na safari hii hakumtaja afisa.

— Ndugu yangu Machogu alibaki Bama. Mimi hapana ona kaburi. Mama alilia na shati yake tu.

Orpah akamgeukia mumewe, akaacha Kiswahili na kusema Kikisii, maana neno hili lilikuwa la nyumbani.

— Basi huyo mtu hana wa kumlilia. Tukimzuia wetu, watampa mtoto mwingine, na huyo mwingine pengine atamkata tu. Kemuma anajua kulia. Nilimfundisha mimi, tulipomzika mama yako. Atamlilia kwanza, ndipo amkate.

Josiah akaweka kikombe chini na kusimama. Hofu haikumtoka, bado alikuwa nayo kifuani, lakini sasa palikuwa na kitu kingine cha kukaa nayo. Akatangulia, mkewe nyuma, wakapanda njia ya ofisini bila kusema. Mlangoni, pale pale alipogeuka asubuhi, akasita tena.

— Atamlilia vipi mtu asiyemjua hata jina?

— Atauliza, Orpah alisema, akamsukuma ndani.