Mama Mrija na Nukta Nyekundu

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na sita ya utumishi, mwalimu wa sauti wa chuo chetu atakabidhi funguo za Chumba Namba Tisa na kustaafu. Kuanzia mkuu wa chuo hadi mlinzi wa geti, wote wanamwita Mama Mrija. Mhariri wa jarida hili ameniomba niandike wasifu wake kwa sababu nilikuwa mkuu wa idara yake kwa miaka kumi na tisa ya mwanzo, na kwa sababu, kama alivyosema kwa adabu, wengine waliomfahamu tangu alipoanza hawapo tena. Nimekubali kwa furaha. Lakini kuna jambo nimelificha miaka karibu yote hiyo, nalo linahusu namna Mwalimu alivyopoteza sauti yake. Chuo kizima kinakijua kisa hicho kama anavyokisimulia yeye. Anavyokisimulia sivyo kilivyokuwa, na yeye mwenyewe hakujua.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nina miaka sabini na tisa, mapafu yangu yamechoka, na daktari wangu siku hizi ananihesabia miezi. Nimeona nikiwahi kifo hicho.

Alifika kwetu akiwa na miaka ishirini na mitatu, sanduku moja la bati, na sauti ya juu iliyowafanya watu wa idara ya hesabu wafungue madirisha badala ya kuyafunga. Wakati huo tulifundisha kuimba kama tulivyofundishwa: simama wima, jaza kifua, toa sauti tumboni, ukishindwa ongeza bidii. Mimi ndiye niliyekuwa bingwa wa somo hilo. Wiki yake ya kwanza aliniuliza, kwa heshima zote, tumboni kuna nini hasa cha kutoa sauti. Nilimjibu kuwa kuna bidii. Aliandika jibu hilo kwenye daftari lake, nami nikadhani ameridhika.

Mwaka wake wa pili tulizindua ukumbi mpya, ule ambao nyinyi mnauita ukumbi wa zamani. Nilikuwa nimeusubiri miaka tisa. Niliutungia wimbo, na mwishoni mwa wimbo niliweka noti moja ya juu, ndefu, ambayo mtu mmoja tu chuoni aliiweza. Tulifanya mazoezi asubuhi na jioni kwa mwezi mzima. Wiki ya mwisho sauti yake ilianza kukwaruza kama mlango wenye kutu. Kwa bahati ilikuwa wiki ya daktari bingwa wa koo, aliyekuja zahanati yetu mara moja kwa mwezi. Alimchungulia kwa kioo, akaandika barua, akaifunga na kumkabidhi aniletee. Utaratibu wa chuo ulikuwa huo: barua ya daktari kuhusu mtumishi inakwenda kwa mkuu wake wa idara, imefungwa, na binti mwenye malezi hafungui barua ya mkuu wake. Daktari mwenyewe hakuwa mtu wa maneno. Alimwambia kila kitu kimo humo ndani.

Jumamosi, siku ya uzinduzi, aliimba. Kwenye ile noti, sauti ilikatika kama uzi kwenye tundu la sindano, mbele ya ukumbi uliojaa. Ile sauti ya juu haikurudi tena. Miezi baadaye daktari mwingine, maana yule wa kwanza alikuwa amehamishwa, alimweleza kuwa mshipa mdogo wa damu ulipasuka kwenye uzi mmoja wa sauti na kuacha kovu. Na kisa ambacho amewasimulia wanafunzi tangu hapo ni hiki: daktari alimruhusu kuimba, akaimba, ila aliimba vibaya, akajiumiza kwa kutojua.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mtu mwingine angeomba kuhamishiwa maktaba. Yeye alikwenda kutafuta kosa lake. Aliazima vitabu vya mwili wa binadamu kutoka chuo cha wauguzi, akavisoma hadi majalada yakalegea. Mumewe, fundi saa, alimtengenezea kioo kidogo chenye mpini mrefu kwa zana zake za kazi, na kila asubuhi Mwalimu alisimama dirishani, ulimi nje, kioo hicho mdomoni na kingine mkononi, akilichungulia koo lake mwenyewe kwa mwanga wa jua. Majirani walidhani anawakejeli. Mumewe alilazimika kuzunguka nyumba hadi nyumba akieleza.

Alichokiona kule ndani ndicho alichokifundisha maisha yake yote. Sauti haitoki tumboni. Inatoka kwenye kikoromeo, kwenye nyuzi mbili ambazo hazizidi upana wa ukucha wa kidole gumba. Hewa ikipita kati yake, hukutana na kuachana mamia ya mara kwa sekunde moja, na kadiri noti inavyopanda ndivyo zinavyoharakisha. Aliwauliza wanafunzi: mtu akikupiga kofi mara mia tano kwa sekunde, ungependa akupige kwa nguvu au taratibu? Basi, alisema, hizo nazo ni nyama, zina maoni yake.

Kuhusu pumzi, alituvua ushamba wetu kwa futi ya fundi cherehani. Alimzungushia kila mwanafunzi futi hiyo mbavuni, akamwambia avute hewa bila kuinua mabega, kisha aimbe huku akizuia mbavu zisifunge haraka, kama mtu anayeshusha mwavuli polepole. Nguvu ya mwimbaji, alisema, haipo katika kuvuta hewa nyingi, ipo katika kuiachia kwa mpango. Mwaka wa kwanza wa futi hiyo, habari zilienea kuwa idara ya muziki inapima watu sare za bure. Kufika saa nne kulikuwa na foleni hadi kwenye ngazi, nusu yao wanafunzi wa kilimo. Hakumfukuza hata mmoja. Aliwapima wote, akawafundisha wote kupumua, na besi bora kabisa ambayo kwaya yetu imewahi kuwa nayo alitoka katika foleni hiyo, akilalamika hadi leo kuwa hajapewa suruali.

Jina la Mama Mrija lilikuja baadaye. Alikuwa akimpa mtu glasi ya maji nusu na mrija, aimbe kupitia mrija huo hadi maji yatoe mapovu. Ni mchezo wa watoto, lakini hewa inayorudi nyuma kutoka kwenye mrija huzisaidia nyuzi za sauti kukutana kwa upole, bila kugongana. Siku moja mkuu wa chuo wa wakati huo alifungua mlango wa Chumba Namba Tisa akakuta watu wazima ishirini na watatu wanapuliza mapovu kwa wimbo wa chuo. Alifunga mlango polepole, akaondoka. Wiki ya mahafali, baada ya siku mbili za hotuba, alituma katibu wake kuuliza, kwa siri, kama kuna mrija wa ziada.

Hakuwa na subira na uganga. Wapo waliomeza mayai mabichi kabla ya kuimba, wapo wa asali, wapo wa mafuta. Aliwaeleza kuwa chakula kina njia yake na hewa ina njia yake, na yai likipita kwenye nyuzi za sauti, utakachofanya si kuimba, ni kupaliwa. Kunyweni maji, alisema, lakini mnywe tangu jana. Na mtu sauti ikimkauka, asinong'one. Kunong'ona kunaweza kuzichosha nyuzi pia. Anyamaze tu, jambo ambalo alikiri kuwa waimbaji huliona gumu kuliko noti yoyote.

Nyuma yake anaacha kitini cha kurasa arobaini kinachotumiwa na vyuo sita, na walimu wa shule za msingi wasiohesabika waliokuja kila likizo wakiwa wamekauka makoo kwa madarasa ya watoto themanini, wakarudi makwao wakisikika bila kupiga kelele. Mnadi mmoja wa mnada wa mifugo, aliyekuwa ameshauriwa aache kazi, bado ananadi, na hubeba mrija wake katika mfuko wa shati kama wengine wanavyobeba kalamu.

Sasa nifike kwenye nukta.

Kila mwaka, kipindi cha kwanza, Mwalimu alichora ubaoni zile nyuzi mbili kwa chaki nyeupe. Kisha alichukua chaki nyekundu, akaweka nukta moja kwenye uzi wa kushoto, akasema: "Hii ni yangu. Kosa langu mwenyewe. Niliimba vibaya kwa kutojua, nanyi mko hapa ili mjue." Kwa desturi mkuu wa idara huhudhuria kipindi cha kwanza. Nilikaa kiti cha nyuma, karibu na dirisha, nikaiona nukta hiyo ikiwekwa mara kumi na saba. Kila mara nilijiambia nitamweleza baada ya kipindi. Kila mara nilimsaidia kufuta ubao tu.

Mwaka jana mapafu yalipoanza kunikatalia, alisikia, akaja nyumbani na glasi na mrija. Tangu hapo huja kila Alhamisi akitoka darasani. Hukaa kwenye kigoda karibu na kitanda changu, mkono mmoja ubavuni pangu, na kunifundisha kuvuta hewa kwa pua na kuitoa kwa midomo iliyokunjwa, polepole, kama mtu anayepoza chai. Hainiponyi, naye hakuwahi kunidanganya kuwa itaniponya, ila napata hatua kumi za kufika dirishani, na dirishani kuna mengi ya kuona. Ndiye pia aliyeniambia, kana kwamba si habari, kuwa ameanza kuimba tena katika kwaya ya wafanyakazi, safu ya pili, sauti ya chini. Ndogo, alisema, lakini haina uongo.

Mwezi uliopita alikuja na karatasi za mhadhara wake wa kuaga, atakaoutoa siku ya sherehe mbele yenu wote, akaniomba niupitie kama zamani. Kichwa chake kilikuwa "Kosa Langu." Ukurasa wa kwanza wote ulikuwa wa Jumamosi ile. Alikusudia kuufunga utumishi wake kwa kujishitaki tena, mara ya mwisho, ili walimu vijana wajifunze. Nilimrudishia nikamwambia ni mzuri. Usiku sikulala. Asubuhi nikaanza kuandika wasifu huu.

Msomaji asidhani nimemvizia. Nakala ya kwanza nilimpelekea yeye, Jumatatu, kabla ya mhariri kuiona. Humo nilieleza kuwa barua ya daktari wa koo haikuwa ya kumruhusu, na kwamba "kwa bahati mbaya, katika pilikapilika za maandalizi, barua hiyo ilipotea." Jumatano nilirudishiwa. Mengine yote aliyaacha kama yalivyo, isipokuwa idadi ya watu wa mapovu, ambayo aliisahihisha. Chini ya sentensi ya barua alipiga mstari kwa kalamu nyekundu, akaandika pembeni, kwa mwandiko wake ule wa ubaoni: "Hapa umebana koo, Mzee. Vuta pumzi, anza tena."

Nilidhani kesho yake hatakuja. Alhamisi alikuja, na mrija wake. Tulifanya zoezi la mbavu mara sita, nne kati ya hizo nikakohoa. Hakusema amenisamehe, nami sikumwomba aseme. Aliposimama kuondoka aliniambia kuwa mhadhara hataufuta. Ataubadilisha kichwa na ukurasa wa kwanza tu, kwa kuwa sayansi iliyobaki ni ile ile, na ni kweli. Kisha akacheka kidogo, akasema miaka thelathini na minne amekuwa akitafuta kosa katika koo lake, na kwamba lau asingelitafuta, asingekuta yote yale aliyoyakuta. Sikuthubutu kucheka naye, lakini nilipumua vizuri jioni hiyo.

Kuanzia mwezi ujao atapokea walimu wenye sauti zilizochoka sebuleni kwake, penye piano yenye vibonye viwili vilivyokufa na saa kumi na moja za ukutani ambazo mumewe hajakubali kuziuza. Mwenye koo aende. Kwa niaba ya idara, ya wale wa kilimo, na ya watu wote waliowahi kupuliza mapovu kwa heshima zao zote, ahsante, Mwalimu. Mbavu zako zibaki wazi, maji yasikupungukie, na safu ya pili ikuzoee. Tunakutakia siku nyingi zenye afya na kila noti unayoitaka.

Naanza tena.

Barua haikupotea. Niliifungua ofisini kwangu, nikiwa nimesimama, Mwalimu akingoja nje ya mlango. Ilikuwa na mistari minne. Ilisema nyuzi zimevimba, mshipa mmoja uko karibu kupasuka, asiimbe kwa wiki sita, na akiimba Jumamosi anaweza kuipoteza sauti yake. Niliisoma mara mbili na niliielewa. Nikaikunja, nikaitia mfuko wa koti, nikafungua mlango nikamwambia: "Daktari anasema huna tatizo, binti yangu. Imba."