Chuma Kilichokohoa

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti tukae pamoja. Leo tunamkumbuka Fundi Saba. Fundi Saba alitutoka wiki iliyopita, akiwa na miaka sabini na moja. Na sitawaficha: tunamkumbuka mtu mwoga.

Kazi yake ilikuwa kusokota chuma cha pembe nne. Alikibana upande mmoja kwenye jiliwa, upande wa pili akatia spana ndefu, akazungusha huku akihesabu. Mizunguko saba. Saba, wala si sita na nusu, ndiyo maana ya jina lake. Chuma kizima husokotwa kimya. Kikikohoa, kimeingia ufa, kitupwe. Wenzake walimtania kwamba anakisikiliza chuma kuliko mkewe.

“Na kweli,” anasema mjane wake. “Mimi mpaka niite mara tatu.”

Sasa sikilizeni. Shule moja ya msingi ilimwagiza ukingo wa ghorofani. Vyuma arobaini. Siku ya mwisho, kimoja kikakohoa. Alikisikia vizuri kabisa. Lakini gari lilikuwa mlangoni na dereva anapiga honi, basi akakichanganya na vingine. Vyote vikapakwa rangi nyeusi, vikaenda kufungwa.

Hofu ikamwingia. Kila asubuhi alisimama nje ya uzio wa shule, akitazama watoto wanavyoegemea ukingo ule. Kibovu ni kipi? Hakujua. Rangi ilikuwa imevifanya vyote sawa. Kazini akawa haendi, chakula anakiacha sahanini. Siku ya tisa mkewe akambana.

“Baba watoto, una nini wewe?”

“Nimewatega watoto wa watu.”

Akamweleza yote. Mkewe akajifunga kanga yake. “Mficha maradhi kifo humuumbua. Twende kwa mwalimu mkuu, sasa hivi.”

Mwalimu mkuu akawashusha watoto wote uwanjani. Fundi akapanda. Mtu huyu, jamani, aliogopa hata kupanda kiti kubadilisha taa. Akafungwa kamba kiunoni, kamba ikazungushwa kwenye nguzo, akaanza kuvisukuma kwa bega, kimoja kimoja. Cha kwanza, kimya. Cha kumi, kimya. Cha thelathini na moja kikakatika, naye akaenda nacho.

Alining'inia nje ya ghorofa, miguu hewani, mkewe na mwalimu wakivuta kamba. Mwalimu mkuu anasema fundi alikuwa analia, na neno lake lilikuwa moja tu: “Ni hiki. Ni hiki hapa.”

Aliishi miaka kumi na tisa baada ya siku ile. Woga haukumtoka. “Akiona mtoto ameegemea chochote,” anasema mjane, “alikuwa anamshika shati.”

Mama, wanao na wajukuu, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi. Mola amlaze mahali pema.

Nawe unayenisikiliza, huenda kuna kitu umekipaka rangi, na unayejua ni wewe peke yako. Kuogopa si aibu. Ila nenda kaseme. Leo ni Jumamosi. Jumatatu watoto wanarudi shuleni.