Adalbert Chomba na Korongo la Kasengwe

Marehemu Adalbert Chomba alizaliwa tarehe 14 Machi 1922 katika kijiji kilichokuwa kando ya mto Kasengwe, karibu na pale unapoingia mto Lufira. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Bwalya, aliyemtangulia kufariki, na Mama Victorine Mwaba. Miaka sita baadaye alizaliwa mdogo wake Donat, ambaye Adalbert alimbeba mgongoni mpaka majirani wakamtania kwamba ameota kibiongo.

Alisoma shule ya msingi ya misheni, akabatizwa hukohuko mwaka 1934. Mwaka 1940 alikuja Élisabethville kujifunza kuchomelea vyuma. Kazi hiyo aliifanya Kipushi, kisha mjini, hadi alipougua. Tarehe 7 Agosti 1948 alifunga ndoa na Constance Kunda. Walijenga nyumba mtaa wa Katuba.

Oktoba 1951, akiwa likizoni, aliomba ruhusa ya kutembea na Donat katika korongo la Kasengwe, ambalo sasa lilikuwa ndani ya hifadhi. Mto ulikuwa umekauka. Walipita juu ya mchanga na mawe ya moto, kati ya kuta mbili za miamba. Mchana ngurumo zilisikika mbali, upande wa nyanda za juu. Adalbert alipanda mwambani, akamwita mdogo wake, aliyekuwa akijaza chupa kwenye kidimbwi.

"Yaya, jua inawaka vile, na weye unakimbia mvua ya bengine?" Donat alimjibu kaka yake.

Maji ya mvua hiyo ya mbali yalifika kwa kasi angali anacheka. Adalbert aliteremsha mkanda wake. Donat aliushika, kisha mkanda ukarudi mtupu. Mwili haukupatikana.

Misa ilisomwa, ndugu wakaja kumwondoa Mama Victorine kwenye mkeka wa kilio. Alikataa. "Mutoto wangu hana kaburi. Kilio nitaimaliza namna gani?" Tangu hapo alilala chini, hakusuka nywele, hakukanyaga arusi ya mtu.

Kwa hiyo kila likizo, wenzake walipokwenda kwao kupumzika, Adalbert alirudi korongoni kugeuza mawe, akimtafuta Donat. Safari moja alirudi na jiwe lenye mistari myekundu. Constance akapiga kelele hadi kwa jirani: "Bengine banarudia na samaki ya kukausha. Miye bwana yangu ananiletea majiwe!" Adalbert alicheka, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwake tena. Watoto hulikalia jiwe hilo wakila.

Septemba mwaka huu, 1957, mvua ilimkuta huko mapema, akalala pangoni na nguo mbichi. Alirudi na homa ya mapafu, akalazwa tarehe 11 Oktoba. Usiku wake wa mwisho alimwambia mama yake: "Mama, nilimutafuta, sikumupata. Lakini sasa kaburi itakuwa. Utulilie bote babili pale, kisha ulale ku kitanda."

Adalbert alifariki alfajiri ya tarehe 2 Novemba, siku ya kuwaombea marehemu wote.

Leo asubuhi Mama Victorine aliukunja mkeka wake mwenyewe, akaubeba hadi hapa makaburini. Ameomba utandikwe chini ya jeneza. Msalaba umeandikwa majina mawili.

Marehemu ameacha mama yake, mjane wake Constance, na watoto wao Annie na Musonda.

Adalbert apumzike kwa amani, na Donat pamoja naye.