Tochi ya Pili ya Konstebo

Nilikaa nyuma ya Adan na Wepukhulu kwenye gari la Kitale kwenda Bungoma. Adan anauza vifaa vya umeme Bungoma. Wepukhulu ni konstebo, ingawa hakuvaa sare, na alitaka tochi ndogo ya akiba ya kuweka kwenye mshipi wa kazi.

"Chukua hii ya kuchaji, afande. Inamulika mpaka ng'ambo ya mto." Wauzaji wote wa tochi wana huo mto.

"Kule Kapsokwony stima inapotea siku tatu. Nataka ya betri."

"Betri inavuja, bana! Inakula tochi ukiwa hujui. Kwani miaka yote umekuwa ukitumia gani ya akiba?"

"Sikuwa nahitaji. Doria za usiku tulikuwa tunazunguka na Nangila. Yangu ikizima, yake iko. Sasa amehamishwa. Juzi yangu ilizima njiani, nikaita jina lake kabla sijakumbuka."

Adan alishika tochi mbili, ya kuchaji na ya betri. Gari likasimama Kimilili. Wepukhulu alishuka bila kununua, akamwita mtu wa pikipiki.

"Kapsokwony? Mko wangapi?"

"Ni mimi tu."