Mtu Ambaye Angefunguliwa

Wiki chache kabla ya uhuru, mwalimu Wangechi alikuwa ndani ya basi la kutoka Othaya kwenda Nyeri. Mbele yake karani mmoja, Kingori, alimsomea mama asiyemjua, Wakonyo, barua ya Kiingereza kutoka gerezani. Ilimwita aje kuchukua vitu vya mwanawe Theuri, “who would have been released at Uhuru.”

“Ati atafunguliwa siku ya uhuru,” Kingori akasema.

“Maneno yao ni mingi, na wewe umesema kidogo.”

“Hizo zingine ni za heshima, mama. Ofisi inapenda maneno mingi.”

Wangechi alifundisha maneno hayo ya Kiingereza, “would have been,” kila mwaka. Angefunguliwa, lau angekuwa hai. Akageukia dirisha.

“Lakini mbona nichukue vitu yake, na yeye bado yuko huko?” Wakonyo akauliza.

“Mama, mimi nimesoma.”

Basi likasimama Nyeri. Wakonyo akashuka akiuliza watu ni wapi wanauza shati ya mwanaume mrefu. Wangechi akabaki ameketi mpaka kondakta akamwambia safari imekwisha.