Aliyefungiwa Stoo

Sogeeni wanangu, na wewe kitinda mimba futa machozi kwanza, maana pumzi yangu inakatika na sitaki kurudia maneno.

Nyumba hii aliyokulia mjomba wenu mwandishi, ambayo leo tumewapangisha watu wa makumbusho, nawaachia nyote wawili. Msiiuze, wala msigombanie vyumba. Ila kuna jambo la stoo, na hilo ni lako, kifungua mimba wangu. Mjomba wenu aliandika kitabuni kwamba baba yetu, babu yenu, alimfungia mle kwa kumchukia, na wewe unayewatembeza wageni kila siku unawasimamisha mlangoni unawasimulia hivyo hivyo. Juzi mama mmoja akakitemea mate kiti cha babu yako, mimi nikiwa hapo hapo.

Nilikuwepo, mwanangu. Asubuhi ile askari walikuwa wanazoa vijana nyumba kwa nyumba kuwapeleka vitani. Baba akamsukuma mwanawe stoo, akafunga, akaburuta mbele ya mlango kabati alilokuwa analitengeneza, akaendelea kupiga randa. Walipomuuliza, "Kijana wako yuko wapi?" akafoka, "Mwanaharamu yule? Sitaki hata kumwona!" Mjomba wenu kule gizani aliyasikia hayo akayaamini. Hakujua kwamba baba alipigwa kitako cha bunduki mpaka bega likatenguka, akauma meno asipige kelele, mtoto asije akasikia akagonga mlango. Mjomba wenu alipofunguliwa alitimka bila kumtazama mtu usoni, wala hakumkuta tena baba akiwa hai.

Aliporudi nikamweleza yote, kitabu kimeshasomwa kila mahali. Aliingia stoo, akakaa humo peke yake, akatoka macho mekundu. "Dada, nitaandika upya." Maradhi yakamuwahi.

Najua utasema, "Mama, mkurugenzi atanifukuza." Akufukuze! Kazi ni yake, baba ni wetu. Kitabu cha mjomba wenu kiacheni mezani, msimtukane, aliandika alichokisikia. Lakini wageni waambiwe pia kilichokuwa upande wa pili wa mlango.

Nipeni maji... basi, yanatosha. Mungu awape ndimi zisizoogopa, na mpendane nikiwa sipo. Mnizike kando ya baba, upande wa lile bega.

Mbona umeinama, kifungua mimba? Simama. Tuseme mimi ni mgeni, ndiyo kwanza nimeingia, sijui lolote. Nisimulie mlango huu ulifungwa kwa nini.

Anza, baba... Paza sauti. Sikusikii.